Kamati ya Kiasi na Funguo za Gari

Ombi lililozaa kamati yetu lilikuwa la sentensi moja. Lilitolewa alasiri ya Jumamosi, mwezi wa pili, nyumbani kwa mwenyekiti wa umoja wetu wa wanawake hapa Takoma Park, kando ya Washington, baada ya chai na kabla ya mengineyo. Aliyelitoa alikuwa mama mmoja wa Gaithersburg, mdogo wetu kwa umri, mwenye watoto wawili, ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Alisimama, akasubiri vikombe vitulie, akasema:

"Dada zangu, naomba mtu mmoja tu, siku za sherehe, awe anamchukulia baba watoto wangu funguo za gari pale mlangoni tunapoingia."

Akaketi.

Mume wake tulimjua wote. Ndiye emsii wa shughuli zetu zote: kuagwa kwa binti, ndoa, kipaimara, mahafali, hata mikutano ya uchaguzi wa jumuiya. Hatozi hata senti. Hulipwa kwa heshima na kwa chupa za meza kuu, na katika malipo hayo mawili ya kwanza huyasahau mapema. Saa nane mchana anashika maiki akiwa amesimama wima kama mlingoti. Keki ikikatwa, maiki ndiyo inayomshika yeye. Halafu anaingia garini na familia yake, wanashika barabara kuu ya 270 kwenda nyumbani.

Mwezi wa kwanza alikuwa amekwaruza ukingo wa zege akitoka kwenye barabara hiyo. Kioo cha pembeni kilibaki huko. Binti yao wa miaka tisa alikataa kupanda gari lolote kwa wiki nzima, akawa anatembea kwa miguu kwenda shule kwenye baridi. Mama yake alitueleza hayo kwa sauti ile ile ambayo mtu angekuambia basi limebadilisha njia.

Kwa nini asizichukue funguo mwenyewe? Alikuwa amejaribu. Nyumbani mume humpa. Mbele za watu hampi, na mke kumnyang'anya mumewe funguo mbele ya meza kuu ni habari ambayo ingefika Dar es Salaam kabla ya wao kufika Rockville. Tena hata angezipata, angezifanyia nini? Hakuwa na leseni. Hakuwahi kukaa nyuma ya usukani.

Sebuleni tulikuwa wanawake kumi na wanne. Nje kulikuwa na magari kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu: natakasa vyombo vya upasuaji hospitalini, na trei haitoki mikononi mwangu mpaka mikasi na koleo zote zimelingana na orodha. Ombi lilihitaji mtu mmoja. Sisi tukaunda kamati ya watu saba.

"Tukichukua funguo za mmoja tutakuwa tunatibu tawi," alisema mwenyekiti. "Tutibu mzizi."

Tulipiga makofi. Ni kweli mti hutibiwa mzizini. Ni kweli pia kwamba tawi ndilo linalowaangukia watu, lakini hilo nililiwaza nikiwa kwenye ngazi za nje natafuta glavu zangu, na mkutano ulikuwa umefungwa kwa sala.

Mimi nilichaguliwa katibu. Sikukataa. Sinywi, mwandiko wangu unasomeka, na nilijulikana kwa vitabu. Nilimaliza darasa la saba huko Singida na shule ikaishia hapo, ila kusoma hakukuisha; tangu nifike huku nimekuwa mtu wa maktaba ya umma, na nina madaftari kumi na sita ya mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Nilidhani sasa nitaulizwa.

Mwezi wa tatu wote ulikwenda kwenye jina. "Kamati ya Kupinga Pombe" lilionekana kali, lingewafukuza akina baba, na akina baba ndio wanaobeba meza. Lilipitishwa "Kamati ya Wanawake ya Kiasi, Malezi na Ustawi wa Familia". Mjumbe wetu mmoja, nesi kutoka Nakuru ambaye husema ukweli kwa bahati mbaya, akatikisa kichwa.

"Aki hiyo jina ni ndefu kuliko lori. Bango itatoshea wapi?"

"Tutapunguza maandishi," alisema mwenyekiti.

"Ama tupunguze kazi," alisema nesi, akachukua sambusa.

Mwezi wa nne na wa tano ilikwenda kwenye sare. Hapa lazima nieleze kwa wasiotujua: sisi hatuwezi kufanya jambo lolote, liwe la Mungu au la wanadamu, bila kitambaa kimoja. Nyeupe ilipendekezwa kwa usafi wake, ikakataliwa kwa sababu ya mchuzi. Zambarau ilikuwa tayari na wenyewe. Kijani kilifanana na cha wanawake wa jumuiya nyingine ambao hatukutaka kufananishwa nao. Hatimaye tukakubaliana kitenge cha samawati chenye vibuyu vidogo vya njano, na kilishafika kutoka Kariakoo kwenye begi la msafiri ndipo mtu akauliza kama vibuyu vile havikuwa vya pombe. Tulijadiliana dakika hamsini. Tukaamua ni vya maziwa.

Niliandika vipimo vya kila mmoja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mama wa Gaithersburg alitoa vyake kama wengine. Kisha kila mwisho wa kikao, kwenye mengineyo, aliinua mkono akauliza habari za funguo, nami nikaandika: "Suala la funguo liendelee kufanyiwa kazi." Sentensi hiyo ninayo katika daftari mara nne, kwa mwandiko wangu mzuri.

Katika miezi hiyo sherehe hazikusimama. Zilikuwa tano. Siku moja nilimuuliza huyo mama anafanyaje wakirudi nyumbani. Alinijibu akiwa anafunga kamba za viatu vya mwanawe.

"Nakaa nyuma, katikati ya watoto. Nawashika hivi." Akanyoosha mikono miwili pembeni, kama mtu anayezuia mlango. "Gari likigonga upande wowote, linikute mimi."

Sikuandika hilo kwenye daftari. Halikuwa limepita kwa mwenyekiti.

Wala mwenyekiti hakuwa mnafiki. Kaka yake aliuawa na pombe kali ya gongo huko nyumbani, naye akamzika kwa simu, amesimama jikoni, mtu akimshikia kamera makaburini na mtandao ukikatika kila padri alipofungua mdomo. Aliichukia pombe kwa moyo wake wote. Shida ni kwamba aliichukia ikiwa kubwa, ya mataifa na vizazi. Ikija ndogo, ikiwa ndani ya suruali ya mtu anayemjua, mfuko wa kulia, hakujua aishike wapi.

Nami nisijitoe. Niliombwa niandae historia fupi ya wanawake wa nchi hii waliopigana na pombe, wajumbe wapate moyo. Nilichimba wiki sita. Nilikwenda mjini kuangalia bomba la maji la mawe lililojengwa zamani kwa nia kwamba mwenye kiu akipata maji baridi bure hataiona baa. Siku niliyofika halikutoa hata tone, na palikuwa na baa upande wa pili wa barabara. Niligundua kwamba Takoma Park yetu yenyewe iliishi miaka mingi bila kuuza pombe, na wakazi walivuka mpaka kuingia mjini kuinunua, jambo lililowapatia mazoezi ya miguu. Nilisoma jinsi wanawake walivyopiga magoti kwenye sakafu za baa, kwenye maranda ya mbao na mate ya tumbaku, wakaimba tenzi mpaka mwenye baa alie au aite polisi. Wakavaa utepe mweupe. Wakatia saini kadi za ahadi. Na nilielewa walikuwa na sababu: ujira wa mke ulikuwa mali ya mume kisheria, na watoto pia, hivyo baba akiinywa nyumba, mama hakuwa na pa kushtaki. Ndiyo maana wengi wao walihama kutoka kwenye chupa wakaenda kudai kura. Nilisoma pia kwamba wanawake weusi walikaribishwa kwenye mapambano hayo ila wakae kwenye matawi yao ya pembeni, ambako walifanya kazi ile ile bila viti vya mbele. Mwishowe pombe ikapigwa marufuku nchi nzima, watu wakanywa kwenye vyumba vya chini, marufuku ikafutwa.

Zilikuwa kurasa thelathini na nane. Nilizisoma kamatini kwa dakika arobaini, nikifurahia sauti yangu. Nilipomaliza mwenyekiti alifuta machozi, akasema kila mjumbe atoe ushuhuda jinsi pombe ilivyoiharibu familia yake. Ilipofika zamu yangu nilisema kweli, kwamba mama yangu alipika pombe ya mtama nyuma ya nyumba kila Ijumaa, na kwamba daftari, kalamu na sketi ya shule vilitoka kwenye mtungi ule.

"Katibu," alisema mwenyekiti, "hiyo tusiiandike."

Sikuiandika. Na mama wa Gaithersburg, ambaye alikuwa amekaa dakika zote arobaini akisikiliza habari za wanawake waliokwenda mpaka baa kwenyewe, aliniuliza tukiosha vikombe:

"Dada katibu, hao wazungu, mmoja wao alishika hata funguo?"

Nilimjibu kwamba enzi hizo walikuwa na farasi. Nilidhani nimejibu.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita, alasiri, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa moja dogo. Kamati ilikaa kugawa majukumu. Viti, fulani. Mapambo, fulani. Pilau, watatu. Tukafika kwenye kipengele cha emsii.

"Emsii nani?" niliuliza, kalamu mkononi.

Walinitazama kama nimeuliza jua litatokea wapi.

"Kwani kuna mwingine?" alisema nesi.

Mmoja alimtaja kijana wa mchungaji. Ikasemekana Kiswahili chake ni cha kusikia tu, hajui kukitumia, wazee hawatacheka. Mwingine akasema mwenyekiti aongoze mwenyewe. Mwenyekiti akasema yeye ana hotuba. Kisha akamgeukia mama wa Gaithersburg, ambaye alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Mdogo wangu, utatuombea kwake. Tena itamsaidia! Mtu akisimama kuwatangazia wengine kiasi, neno litamwingia na yeye."

"Atakuja," alisema. "Hajawahi kuikataa maiki. Na funguo?"

"Mama, huo ni uzinduzi wa kiasi! Hapatakuwa na tone!"

Wakacheka kwa upendo. Nikaandika: emsii, amepatikana.

Siku ilifika na ilipendeza, sitasema uongo. Wanawake karibu sitini, vibuyu vya njano kutoka ukuta hadi ukuta. Mezani palikuwa na maji, soda na juisi ya tangawizi. Emsii aliingia na suti ya kijivu na kikombe kirefu cha kahawa chenye mfuniko, kile ambacho watu hubeba garini. Akina mama wakaguswa sana. "Jamani, amekuja na kahawa," alinong'ona mmoja nyuma yangu.

Meza ya katibu ilikuwa hatua mbili kutoka jukwaani. Mimi nashinda kutwa na dawa za kuua vijidudu. Spiriti naijua kwa pua kama mwingine anavyojua sauti ya mwanawe. Ile haikuwa kahawa. Ilikuwa saa tisa na robo.

Niliangalia kikombe, nikaangalia ratiba. Kipengele cha tatu kilikuwa changu: historia. Nikakaa kimya ili nisiharibu mpangilio.

Na alikuwa hodari, hilo ndilo linaloniuma. "Mabibi na mabwana, meza kuu leo ina maji! Maharusi watarajiwa, msingoje muujiza wa Kana, kamati imeshaukataza!" Ukumbi ukaanguka. "Akina baba, nawaona mmejibanza karibu na mlango. Mlango huo unakwenda juu kanisani, baa iko mbali!" Nilipopanda na kurasa zangu aliniacha nifike ukurasa wa tano. "Huyu katibu wetu amesoma vitabu vyote vya Washington. Tunamsihi abakize viwili kwa ajili ya wenye mji." Muziki ukapigwa nikashuka. Yeye ndiye aliyetusimamisha kwa ahadi. Akina mama wote, mkono wa kulia juu, wakarudia maneno yake neno kwa neno: mimi, mbele ya Mungu na mbele ya wenzangu, sitanywa, sitanunua, wala sitaandaa. Mpiga video aliomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu, na kila mara emsii alijipoza koo na kahawa yake.

Mwisho mwenyekiti alimkabidhi cheti chenye fremu. Kilimtaja kuwa Balozi wa Kiasi. Hilo halikuwa kwenye ratiba niliyoandika mimi. Lilikuwa la kushtukiza.

Tulitoka nje saa kumi na moja na nusu, jua bado kali. Emsii alikwenda kwenye gari lake akiwa na cheti kwapani na kikombe mkononi. Funguo zilimwanguka. Aliinama kuziokota, akaikosa ardhi, akaipata mara ya pili. Watu waliona. Nasema hivi kwa sababu baadaye wengi walisema hawakuona.

Mkewe alikuwa amesimama na watoto hatua chache kutoka mlango wa gari. Hakuufungua. Aligeuka, akaongea kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Nani ana nafasi ya watu watatu mpaka Gaithersburg?"

Sote tulikuwa tumevaa nguo moja na yeye. Vibuyu viliangaliana.

"Yangu imejaa masufuria, mpenzi," alisema mmoja.

"Mimi nakwenda Virginia."

"Lakini leo si hapakuwa na pombe?" aliuliza wa tatu, na nadhani aliuliza kwa dhati.

Mwenyekiti alimjia haraka na tabasamu la wageni. "Mdogo wangu, njoo tuongee pembeni. Watu wanatazama."

"Nimeongea tangu mwezi wa pili, mama."

Akamwendea mumewe, akanyoosha mkono. "Lete funguo."

"Mke wangu. Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Hakungoja. Alizitoa kwenye vidole vyake kimoja kimoja, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi. Mume aliangalia kiganja kitupu, kisha akaangalia hadhira, na kazi ikamzidi nguvu: "Mabibi na mabwana! Tunashuhudia mapinduzi!"

Baadhi yetu tulicheka, kwa mazoea. Nami nilicheka.

Mkewe akabaki na funguo ambazo hakujua kuzitumia. Alitutazama mmoja mmoja. Akafika kwangu.

"Dada katibu. Wewe unaendesha."

Hakuuliza. Ilibidi nifikirie upesi sababu, na ninazo nyingi, zimepangwa. Nilikuwa na projekta ya kurudisha. Nilikuwa na daftari la mahudhurio. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba naiogopa ile barabara. Gari langu hunifikisha sokoni na kanisani, kazini naenda kwa treni, na kwa miaka saba nilikuwa nimeikwepa 270 na kuiita busara. Mwanamke huyu alikuwa ameipita kila sherehe akiwa ameyatandaza mabega yake juu ya watoto. Projekta nikaiacha kwenye nyasi, nikashika usukani wa gari lao.

Emsii alikaa mbele, pembeni yangu, na safari nzima ikawa na matangazo. "Abiria wapendwa, tunaingia barabara kuu, dereva wetu ni msomi." Lori lilitupita, likafuatiwa na la pili. "Dada, hata maiti hupelekwa kwa kasi kuliko hii." Binti yake akasema kutoka nyuma, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba yeye anapenda hivi hivi. Tulipofika Rockville emsii alikuwa amelala, mdomo wazi, cheti cha Balozi wa Kiasi magotini.

Nilitupa jicho kwenye kioo. Watoto walikuwa wamekaa pamoja upande mmoja wakigombania soda. Mama yao alikuwa ameegemea dirisha la upande wa pili anaangalia miti.

"Leo naiona barabara," alisema. "Kumbe kuna ziwa pale."

Nilirudi kwa treni kutoka kituo cha Shady Grove. Anayejua ramani anajua ujinga wa safari hiyo: Takoma haiko mbali na pale, lakini reli inashuka mpaka katikati ya jiji, inageuka, kisha inapanda tena, kama kamati. Saa nzima na zaidi nilikaa na vibuyu vyangu. Bibi mmoja aliniuliza kama natoka harusini. Nikasema natoka kwenye mkutano.

Kikao cha dharura kiliitwa Jumatano. Ajenda zilikuwa tatu: tukio la maegesho, video ya tukio la maegesho, na kutopatikana kwa emsii, ambaye alikuwa ametangaza kwamba hatashika maiki tena katika jumuiya inayodhalilisha wanaume.

"Tumejenga kitu miezi mitano," alisema mwenyekiti. "Mmekibomoa kwa dakika tano. Mdogo wangu, sisemi ulikosea kuchukua funguo. Nasema pale, siku ile, tukiwa na sare."

"Naomba msamaha kwa kuharibu sherehe," alisema mama wa Gaithersburg. "Funguo sirudishi."

"Hakuna anayesema uzirudishe."

"Aki mimi nauliza tu," alisema nesi, "harusi ya mwezi wa nane sasa nani atatufanyia emsii?"

Hilo ndilo lililojadiliwa mpaka mwisho. Niliombwa niweke kwenye kumbukumbu kwamba katibu aliondoka mapema kumsindikiza mjumbe aliyejisikia vibaya. Nilisema nitaandika kilichotokea. Mwenyekiti akasema kuandika kilichotokea si lazima kila wakati. Niliandika kilichotokea. Kumbukumbu hizo hazijathibitishwa mpaka leo; kila kikao zinaahirishwa, kwa maneno ambayo niliwafundisha mwenyewe.

Tangu Jumapili iliyofuata nikawa napanda treni ile ile ya mzunguko kwenda Gaithersburg. Kuna kampuni ya dawa yenye maegesho makubwa ambayo Jumapili hayana gari hata moja, na hapo ndipo nilipomfundisha, kwa gari la mumewe, nikiwa na orodha ya hatua ishirini na mbili niliyoiandika na kuifunika plastiki. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alikanyaga breki kama anayeua nyoka.

"Vioo, mkanda, gia," nilisema.

"Dada, najua."

"Umesahau vioo."

"Nimeviangalia kwa moyo."

Alianguka mtihani mara mbili, zote kwenye kuegesha. Mara ya tatu, mwezi wa kumi na moja, alinitumia picha ya leseni bila neno lolote. Kwenye picha amekasirika, kama wote.

Mume wake alirudi kwenye maiki mapema zaidi ya hapo, kwenye harusi ya mwezi wa nane, kwa sababu kijana wa mchungaji alijaribu na wazee hawakucheka. Hakuacha kunywa. Sasa anakunywa bila kikombe cha kujificha, kwa kuwa hana tena gari la kuendesha, na watu wanasema amekuwa mchangamfu zaidi.

Mkutano wa mwaka ulifanyika mwezi wa kumi na mbili kwa mwenyekiti. Taarifa ya kamati ilihitaji mafanikio. Sare zilitajwa, uzinduzi ukatajwa, ahadi zikatajwa kwa idadi ya waliohudhuria. Kisha mwenyekiti akamwomba mama wa Gaithersburg asimame atoe ushuhuda jinsi kamati ilivyoigusa nyumba yake.

Alisimama. "Mume wangu hajaacha pombe. Mimi nimepata leseni."

"Mama," alisema mwenyekiti kwa upole wa kweli, "huwezi kuiweka vizuri kidogo? Wenzio wapate moyo."

Alifikiri. Alijitahidi kweli, nilimwona. "Naendesha mpaka Baltimore," alisema.

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, andika: familia moja imekombolewa."

"Nimeandika: mjumbe mmoja amepata leseni ya udereva."

"Hayo si mafanikio ya kamati."

"Ndiyo, mwenyekiti. Nimeweka kwenye mengineyo."

Walianza kubishana iwekwe wapi, na nesi akapendekeza iundwe kamati ndogo ya madereva, yenye kofia. Mama wa Gaithersburg hakukaa tena. Alikuwa ameshavaa koti, funguo mkononi. Aliomba radhi kwamba hataingoja sala ya kufunga: mumewe alikuwa kazini kwenye mahafali Silver Spring, watoto walikuwa naye, na kwa saa yake keki ilikuwa imekaribia kukatwa.